Damu ya Dalali Iliponyamaza

Nikimkumbuka Dalali, shuka lake huja kwanza, halafu ndevu zake zenye hina, halafu yeye mwenyewe. Lilikuwa shuka la rangi ya kahawia, limechakaa pembeni, na alilitupia begani hata ile miezi ambayo Isiolo inawaka na mbwa wanalala chini ya malori. Kazi yake yote aliifanyia humo. Sokoni kwetu, kwa wazee wa zamani, bei ya ng'ombe haitajwi kwa mdomo. Dalali anamshika mwenye ng'ombe mkono, anaufunika kwa shuka, na vidole vinaongea huko ndani. Kubana kidole hiki kuna maana yake, kushika viwili kuna maana yake, na kukwaruza kiganja ni kukataa. Kisha anamwendea mnunuzi na kufanya vivyo hivyo. Juu ya shuka, wakati huo wote, watu wanaulizana kama mvua imenyesha Garbatulla. Ukipita hapo huwezi kujua kama biashara imekubaliwa au imevunjika.

Madalali walikuwa wengi, lakini mtaani kwetu Wabera ukisema Dalali bila kuongeza neno, ni yeye. Hata mke wake alimwita hivyo. Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua la mabati lenye tundu, na kwenye tundu hilo mabakuli yalipita kwenda na kurudi. Sisi ni Wameru, watu wa kanisa. Wao ni Wasomali wa msikitini. Krismasi mama yangu alimpeleka jogoo kwao akachinjwe na mtoto wa Dalali, ili Dalali aweze kula nasi, na Dalali alikula huku akilalamika kwamba jogoo ni mzee kuliko mama. Mimi nilimwita adeer, yaani ami, kama watoto wa ndugu zake. Mahali alipozaliwa na nani alimzaa sitasema, maana ukoo wake unayajua hayo na unayasimulia vizuri kunishinda. Nasema tu niliyoyaona kupitia tundu la mabati, na baadaye niliyoyaona karibu zaidi.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba neno la kwanza lisikubaliwe. "Hiyo ya kwanza ni salamu tu," alikuwa akisema. Alipatana bei ya nyanya za Kinna hata kama zimebaki za kuoza. Alipatana na mwenye boda baada ya kufika, akiwa tayari ameshuka. Niliwahi kumkuta amesimama uani asubuhi, anatazama mawingu yaliyokaa juu ya vilima vya Nyambene, na alikuwa akiyaambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Hapana, ongeza kidogo." Mvua haikuja siku ile. Alirudi ndani ameridhika, akasema wataonana kesho.

Mimi mwenyewe nilipatanwa bei. Baba alitaka nikimaliza shule nikae dukani, na Dalali akawa anakuja kuketi kwetu na birika lake la chai. Hakutetea jambo lolote. Aliuliza tu habari za duka, habari za mbuzi, habari za mjomba wangu wa Maua, na kila alipoondoka baba alikuwa amesogea kidogo bila kujua. Mwishowe nilikwenda kusomea kazi ya maabara. Dalali alianza kuniita Daktari kabla sijafungua hata begi, na nilipomwambia mtu wa maabara si daktari alinijibu kwamba hiyo ni bei yangu ya kwanza.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Umri wa ng'ombe aliudanganya bila kupepesa jicho. Fahali aliyechoka na dunia aliitwa kijana, na ukimshtaki anacheka na wewe. Lakini ugonjwa hakuuficha kamwe. Ng'ombe akikohoa, au akiwa na jicho la majimaji, Dalali alimwambia mwenyewe mbele ya watu amrudishe nyumbani, na wapo waliomchukia kwa hilo mpaka leo. Nilimuuliza tofauti ni nini. "Umri ni maneno ya soko," akasema. "Ugonjwa kuna mtu atakula."

Na huyo mtu aliyeweza kumshika fahali pembe akamgeuza shingo alikuwa mwoga wa sindano. Watu wa idara ya mifugo walipokuja kuchanja, alikumbuka ana shughuli upande wa pili wa soko. Mkewe, ambaye nilimwita eddo, yaani shangazi kwa Kisomali, alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu, mwenye sauti ya kuita watu waje kula. Alisema mume wake ameumwa malaria maisha yote akitaka vidonge tu. Alisema hivyo mbele yake, naye akajifanya hasikii.

Kikohozi kilipomjia, sote tulisema ni vumbi. Soko ni vumbi, barabara ni vumbi, nani hakohoi? Hakuwahi kuvuta sigara. Hata miraa, katika mji ambao vijiti vyake vimejaa midomoni mwa watu tangu saa sita mchana, hakuitia kinywani. Basi tulimwachia kikohozi chake kikae. Wakati huo serikali ya kaunti ilikuwa imekwisha kuja, hospitali imepakwa rangi na kuongezwa jengo, na mimi nilikuwa nimeajiriwa humo, kwenye chumba cha kutolea damu. Eddo alimleta siku aliyoona shuka lake lina alama nyekundu pale anapofutia mdomo. Picha ya kifua ilionyesha uvimbe umekaa ndani ya pafu, mbali na kila mlango.

Daktari wa saratani aliyemwona Meru alikuwa kijana mpole, mwenye subira. Kwanza walipitisha mpira kooni, wakatoa kinyama kidogo kisichotosha kupimwa vizuri. Kilionyesha kwamba ni saratani lakini hakikuonyesha ni ya namna gani, na namna ndiyo iliyokuwa na maana. Saratani nyingine za mapafu zina alama fulani ndani ya chembe zake, na kwa hizo kuna vidonge vya kumeza nyumbani, vinavyoweza kumrudisha mtu kwenye kazi zake. Ili kuitafuta hiyo alama, daktari alisema, inabidi sindano ndefu ipite katikati ya mbavu hadi kwenye uvimbe.

Dalali alijifunika shuka mpaka shingoni. "Daktari, hiyo ni neno yako ya kwanza. Sema ya pili."

Yule kijana alicheka, na kweli akasema ya pili. Kuna kipimo cha damu.

Nilimweleza njiani, tukiteremka kutoka Meru, baridi ikibaki nyuma yetu na joto la kwetu likitupokea kwenye madirisha. Nilimwambia saratani huachia vipande vidogo mno ndani ya damu, vidogo kuliko vitu ninavyoviona mimi kwenye darubini yangu, na mashine kubwa za nje zinaweza kuvisoma.

"Kama ng'ombe imepita, mnaangalia kwato," akasema.

"Ndiyo, adeer. Tukiona ile alama, unapewa vidonge."

"Na sindano ya kifua?"

"Hakutakuwa na haja."

Akafumba macho. "Toa damu yote unataka," akasema. "Bakisha tu ya kunifikisha msikitini."

Nilimtoa damu mwenyewe, asubuhi, huku akisoma tangazo la chanjo ukutani kwa sauti kubwa ili asinisikie. Hizo chupa zina dawa yake ndani, zinageuzwa taratibu, hazitaki barafu na hazitaki jua, na kwa mji wetu kukwepa jua ni kazi. Nilizifunga kwenye kisanduku, zikapanda gari la Nairobi, na kutoka Nairobi zikapanda ndege.

Ndipo ukaja wakati ambao naukumbuka kuliko mwingine wote, ingawa hakuna kilichotokea. Kila alasiri nikirudi kazini nilimkuta ameketi nje ya nyumba, mwanga umekuwa wa manjano, vumbi la mbuzi wanaorudi limesimama hewani bila kutaka kutua. Hakuniuliza habari zangu. Aliuliza habari za damu yake.

"Saa hii iko wapi?"

"Labda angani, adeer."

"Juu ya bahari?"

"Labda."

Akaifuata kwa mawazo. Alikuwa amezoea kufuata hivyo ng'ombe aliowauza, akiwa amekaa palepale. Sasa wamefika Nanyuki, sasa wamepewa maji, sasa wanashuka. Bahari hakuwahi kuiona. Aliniambia ni jambo la ajabu mtu kukaa Wabera na damu yake iko ng'ambo, inatembea bila viatu. Siku moja alisema ameiota. Alisema aliiona imesimama kwenye mlango mweupe, mrefu, na watu wa huko wanaiuliza jina kwa adabu, nayo inaangalia chini. "Imelelewa vizuri," akasema. "Haiongei na watu haijui." Tulicheka, na mbuzi wakapita, na nikatamani jibu lisifike haraka.

Jibu likafika. Namba ya simu aliyoacha kwa daktari ilikuwa ya mwanawe wa kwanza, mwenye lori, kwa sababu Dalali hakuamini simu. Kijana alikuwa sokoni, katikati ya kelele za kupakia. Daktari akamwambia kwamba kwenye damu hakuna kilichoonekana. Alikuwa bado anaendelea kusema, lakini mwenzake huku ameshapiga alhamdulillahi ya kusikika hadi barabarani, amekata simu, ameruka ndani ya lori. Mimi daktari alinipata baadaye, nikiwa nafunga chumba, na akanieleza yote.

Nilipofika nyumbani mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa. Sufuria kubwa ya wali ilikuwa motoni, sheikh ameomba dua na kwenda zake, wanawake wamejaa uani, na hata mama yangu alikuwa upande wa pili wa mabati anamenya vitunguu na kuimba za kanisani. Eddo alinikumbatia, mikono yake ina mafuta ya nyama hadi kwenye kiwiko. "Damu yake ni safi!" akaniambia. "Umeona? Ni safi!"

Dalali alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanaume, anapokea pongezi. Aliponiona aliniita nikae karibu. Akanishika mkono, akauvuta, akatupia shuka juu.

"Nyanya za Kinna zimefika soko?" akaniuliza kwa sauti, watu wote wakisikia.

"Zimefika, adeer."

Chini ya shuka mkono wake ulikuwa baridi. Akabana kidole changu kimoja, akangoja. Lugha yake ya vidole sikuijua, ila kitu kimoja tu, kukataa. Nikamkwaruza kiganja.

"Ni za kuiva ama ni za kijani?" akauliza. Uso wake haukusogea hata kidogo.

"Za kuiva."

"Basi kesho tununue," akasema, na akaliondoa shuka. Aliwaacha watu wakila mpaka wakashiba. Yeye mwenyewe alikula, akasifu nyama, akamcheka mwanawe kwa kuendesha lori kama la harusi. Nimewahi kuwapenda watu wengi katika maisha yangu, lakini jinsi nilivyompenda mzee yule alasiri ile sijui kuieleza.

Siku iliyofuata aliniambia niyaseme mbele ya eddo na watoto. Nikasema. Kutoonekana kwa kitu kwenye damu si kwamba hakipo. Uvimbe uko palepale kwenye picha. Damu imenyamaza tu, na daktari anataka sindano ya kifua, na anataka sasa. Eddo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinama akachukua kikombe cha chai mbele yangu, kikiwa nusu.

"Mimi nililala jana," akasema. "Usiku moja nimelala. Wewe umekuja kuchukua hata hiyo."

Nilisema kweli, na ningeisema tena, lakini kweli hiyo ilinikalia kifuani kama ugali mbichi. Tangu siku hiyo eddo alinijibu salamu kwa kichwa tu. Bakuli la mwisho tulilopeleka lilirudi limeoshwa, tupu, jambo ambalo halikuwahi kutokea kati ya nyumba zile mbili.

Dalali alijaribu kupatana. Alimpigia daktari kupitia kwangu, akataka damu itolewe tena, ipewe nafasi, labda ilikuwa imechoka na safari. Daktari alisema inawezekana kurudia, lakini uvimbe hautasubiri, na yeye hataki kumpoteza mgonjwa wake akiwa anangoja. Watoto waligawanyika, wengine wakitaka sindano, wengine wakisema mzee aachwe. Mwanawe mwenye lori alisema baba anaonekana mzima, tuseme ni vumbi, tuendelee. Hapo ndipo Dalali alipomkatiza.

"Ng'ombe ya watu, ikikohoa, nimesema," akasema. "Sasa yangu nifiche?"

Tulikwenda Meru. Eddo alikaa mbele, hakugeuka nyuma njia nzima. Mlangoni mwa chumba cha sindano Dalali aliniachia shuka lake, na bila hilo alionekana mdogo, mtu wa kawaida mwenye mabega. Waliniruhusu kusimama karibu na kichwa chake. Alianza kubishana na daktari kuhusu ubavu gani upitiwe. Wa juu, hapana, huo una deni na mimi, jaribu wa chini, hapana, sogea kidogo, ngoja. Alikuwa katikati ya sentensi wakati daktari aliposema wamemaliza.

"Lakini mimi bado nasema bei," akalalamika.

Kinyama kile kilikuwa na alama. Vidonge vikapatikana, na baada ya muda kikohozi kikapungua hadi kikabaki cha adabu tu, cha kumjulisha mtu kwamba unaingia. Akarudi sokoni. Vidonge vile vilimtoa vipele usoni, vikamchokonoa kucha mpaka pembe za vidole zikavimba na kuuma, na kwa kazi ya Dalali hiyo ilikuwa sawa na mwimbaji kukaukiwa koo. Alifunga vidole kwa vitambaa. Wanunuzi wakajifunza kumshika polepole, na wale wafanyabiashara wakali wa mbali, watu ambao hawamsalimii hata shemeji, niliwaona wamemshikilia mkono chini ya shuka kwa upole wa mtu aliyebeba yai. Bei zilichelewa kupatikana. Hakuna aliyelalamika. Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri, majani yalitoka mpaka kando ya barabara ya lami, na nikipita sokoni nilimwona kwa mbali kwenye vumbi lenye mwanga, hai, ananyanyua mkono wenye vitambaa kunisalimu.

Sasa niseme habari ya siku ya mwisho niliyokaa naye vizuri.

Kikohozi kilikuwa kimerudi, na kilirudi na maumivu ya mgongo. Daktari aliagiza damu itolewe tena, safari hii kutafuta kama saratani imebadilika. Nilimtoa damu nyumbani kwake, kwa sababu kutembea kulimchosha. Jibu lilikuja upesi kuliko lile la zamani, na lilikuja limejaa. Nililisoma nimesimama kazini, nikalisoma tena nimekaa.

Nilimkuta kwenye mkeka mlangoni, shuka amejifunika kama blanketi, amekonda, macho makubwa. Eddo alikuwa hatua chache nyuma yake, anachambua mchele kwenye ungo. Nilimsalimu, akaitikia kwa kichwa.

"Damu imesema, adeer," nikamwambia.

Uso wake wote ulifunguka. "Bila sindano ya kifua?"

"Bila."

"Wallahi, imejifunza." Alicheka mpaka akakohoa, na nilingoja amalize. "Imesema nini?"

"Kuna alama mpya. Daktari ana dawa ingine ya kujaribu. Si ya kuponya, lakini atajaribu nayo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Alikuwa ameelewa, na nilijua ameelewa. Mbuzi wa mtu walipita barabarani, akawafuata kwa macho mpaka walipopinda.

"Niambie kitu," akasema. "Ni damu ile ile. Ile siku ilinyamaza kwa nini?"

Ningeweza kusema ni mashine. Lakini mbele yangu alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumficha mtu ugonjwa.

"Ile siku ugonjwa ilikuwa kidogo, adeer. Haikuwa imeingia kwa damu sana, ndio maana haikuonekana. Sasa imesema haraka kwa sababu iko mingi."

Mikono ya eddo ilisimama kwenye mchele.

"Kwa hivyo ile siku nilikuwa afadhali," akasema Dalali.

"Ulikuwa afadhali sana."

Kisha akageuka, kwa shida, akitumia kiwiko, mpaka akamtazama mkewe.

"Umesikia wewe?" akamwambia. "Ile mbuzi tulikula kwa haki."

Eddo alijifunika uso kwa upindo wa mtandio wake. Mabega yakamtetemeka, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua. Alipoufunua, alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipochukua kile kikombe.

"Kaa," akaniambia. "Unaenda wapi? Bado hujakula."

Nikakaa. Nilikula wali wao nikilia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.